Taa za Krismasi: kabla ya kuuliza kama ni LED, soma kikaratasi cha kwenye waya

Tarehe 23 Desemba, saa moja kasoro jioni, nyumbani Kibosho, Moshi, niliunguza globu hamsini kwa mkupuo mmoja.

Kaka yangu alikuwa ameingia jana yake kutoka Marekani na boksi la taa za Krismasi, minyororo minne, kila mmoja una globu hamsini ndogo zenye ncha. Mti ulishasimama sebuleni: tawi la msaiprasi lililokatwa asubuhi kwenye uzio, likapachikwa ndani ya ndoo ya mchanga na mawe. Watoto wamekaa chini wanangoja. Plagi ya Kimarekani ina vibapa viwili, haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, nami badala ya kujiuliza kwa nini haiingii, nikaenda kutafuta kile kiunganishi tunachowapa wageni wachajie simu. Nikachomeka. Mti mzima ukawaka mweupe pe, weupe ambao sijawahi kuuona kwenye taa ya Krismasi, halafu giza. Mama alikuwa jikoni na ndizi zake za machalari. Akauliza tu, "Umeme umekatika?"

Fundi aliyekuja kuangalia friji ndiye aliyekishika kile kikaratasi kinachoning'inia karibu na plagi, akakimulika kwa tochi ya simu, akacheka. "Mangi, hizi ni za volti 120. Wewe umezipa 230."

Shemeji yangu akatoa hukumu hapohapo: mngeleta LED hayo yasingewakuta. Sote tukaitikia kwa kichwa. Imenichukua muda kuelewa kwamba shemeji alikosea, na kwamba ubishi wetu wa kila Desemba, globu za zamani au LED, mara nyingi unaanzia mahali pasipo.

Tuanze na globu. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa tangsteni. Umeme ukipita, uzi unapata moto hadi unawaka, na mwanga tunaoupata ni kama makombo ya joto hilo: zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme zinakwenda kwenye joto. Globu moja ndogo ya Krismasi haiwezi kubeba volti 230, wala 120. Yenyewe inataka volti mbili na nusu hivi. Kwa hiyo mtengenezaji anazifunga kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine kama shanga, ili zigawane. Marekani, globu hamsini zikigawana volti 120, kila moja inapata 2.4. Ukileta mnyororo huohuo Moshi, kila moja inapata 4.6. Tulipozichomoa baadaye na kuziangalia, vioo vilikuwa vimeingia weusi kwa ndani, kama kioo cha chemli ambayo utambi wake umepandishwa mno.

Sasa LED. Hiyo haina uzi. Ni kipande kidogo cha kitu kinachoitwa semikonda, ambacho umeme ukipita kwa upande mmoja kinatoa mwanga moja kwa moja, bila kusubiri kupata moto kwanza. LED nyekundu au ya njano inataka kama volti 2, ya bluu au nyeupe kama 3. Nayo basi haiwezi kukaa peke yake kwenye volti 230, inafungwa kwa mfuatano vilevile, na kinachobaki kinabebwa na rezista au kapasita, vipande vya kuzuia umeme usizidi, vilivyochaguliwa kwa hesabu ya umeme wa nchi inakouzwa. Ukichukua mnyororo wa LED wa Kimarekani unaochomekwa moja kwa moja ukutani, ukauchomeka huku, zile volti 110 za ziada zinaangukia kwenye rezista, na rezista inatoa moshi. Sebuleni kwetu tungepata matokeo yaleyale, tofauti ni harufu tu.

Ila kuna LED ambazo zingepona. Ni zile zenye adapta, kichwa kama cha chaja ya simu, kilichoandikwa upande wa umeme unaoingia 100–240V. Adapta ya namna hiyo inapokea umeme wa Chicago, wa Moshi na wa London, inaushusha hadi volti 24 au 31 au 5, kisha ndiyo inazipa taa. Kilichoziokoa hapo ni adapta. Jina LED halikuhusika. Na hilo ndilo ningependa msomaji aende nalo dukani: sehemu kubwa ya tunachokisifia LED, usalama hasa, ni kazi ya adapta, na minyororo mingi ya bei rahisi mitaani haina adapta.

Nitarudi kwenye usalama. Kwanza yuniti za umeme (moja ni wati 1,000 zikiwaka saa moja), maana ndizo zinazotajwa mno.

Mnyororo wa globu ndogo mia moja unakula kama wati 40. Wa LED mia moja, kama wati 5. Tuseme unawasha kuanzia tarehe 12 hadi 31 Desemba, saa sita kila usiku. Hizo ni saa 120. Globu zitakula yuniti 4.8, LED zitakula 0.6. Kwa nyumba ya kawaida inayonunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa karibu shilingi 356 kwa yuniti, kodi na tozo ndani, ni shilingi 1,700 dhidi ya 210. Tofauti ya msimu mzima haifiki shilingi 1,500, yaani hela ya soda na andazi. Nimeshamsikia mtu anatupa mnyororo mzima wa globu ulio hai ili "kubana matumizi", kisha ananunua mpya wa LED kwa bei ambayo tofauti hiyo itachukua miaka kuirudisha. Kama unao wa zamani na unawaka vizuri, uache uwake.

Hesabu inageuka kabisa ukitoka sebuleni. Zile balbu za rangi zinazotundikwa kwenye baa, kwenye geti, au kuzunguka turubai la ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma wa sherehe), ni za wati 15 kila moja. Tundika ishirini na unachoma wati 300. Kwa saa zilezile 120 ni yuniti 36, karibu shilingi 12,800. Ukizibadilisha kwa LED za wati moja zinazoingia kwenye holda zilezile, ni yuniti 2.4, shilingi 850 hivi. Hapo ndipo LED inapolipa.

Na kuna mtego mwingine kwa wenye mita za watumiaji wadogo. Kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, mradi wasizidi yuniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya nyongeza hizo. Mzee anayetumia yuniti 60 kwa mwezi, akiongeza zile 36 za geti, yuniti 21 zinavuka mstari. Hizo 21 zitamtoka karibu shilingi 9,000, wakati kwa bei aliyoizoea zingekuwa kama 2,600. Yeye ataona tu kwamba Desemba hii tokeni imekuwa ndogo, na atawalaumu wajukuu kwa kuchaji simu.

Sasa kile kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: saa 50,000 za kuwaka. Gawa kwa saa 120 za msimu mmoja, unapata Krismasi mia nne na kitu. Sijui nani ataziona. Hata globu ya saa 1,000, kwa hesabu hiyohiyo, inatosha Krismasi nane. Kwa vitendo taa za Krismasi hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa kukunjwa kama kamba ya ng'ombe na kurushwa darini, kwa panya, kwa maji, na kwa umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Namna zinavyokufa ndiyo inayotofautiana, na hapa globu ina ufundi ambao watu wengi hawaujui. Ukichomoa globu moja kwenye mnyororo wa mfuatano, zote zinazima, kwa sababu njia ya umeme imekatika. Lakini uzi ukikatika ndani ya globu iliyo mahali pake, zingine zinaendelea. Kwa nini? Chini ya uzi, karibu na shina, kumezungushwa kijiwaya kilichopakwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Taa ikiwa hai, kijiwaya hicho kimelala tu. Uzi ukikatika, volti zote 230 zinajazana kwenye ile globu moja, ngozi inatoboka, na umeme unapata njia mpya kupitia kijiwaya. Globu imekufa, mnyororo unaishi. Ubaya wake ni kwamba mgao wa marehemu unarithiwa na waliobaki. Kwenye mnyororo wa mia moja, ikifa moja, kila iliyobaki inaongezewa asilimia moja hivi ya volti. Zikifa kumi, waliobaki wanawaka kwa nguvu kuliko walivyoumbiwa, na hapo wanafuatana haraka haraka. Ndiyo maana globu ya kwanza ikifa inafaa uibadilishe siku hiyohiyo. Ukiacha zifike kumi, wiki ijayo utanunua mnyororo mpya.

LED hufa kwa mafungu. Mnyororo umegawanywa katika vikundi, kila kikundi na mfuatano wake, kwa hiyo asubuhi moja unakuta theluthi ya mti ni giza na theluthi mbili zinameta kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi kosa si la LED yenyewe. Ni mguu wake uliooza. Milimani huku vuli haikuachi Desemba iishe bila manyunyu na ukungu, maji yanaingia kwenye kikombe cha taa, na umeme wa upande mmoja unaopita kwenye maji unakula ile miguu ya chuma upesi sana. Ukitaka taa za kibarazani tafuta maandishi IP44 au zaidi, ile 4 ya pili ikimaanisha zinastahimili kurushiwa maji. Zisizo na maandishi hayo ni za ndani, hata muuzaji aape vipi. Mahali pengine pa kufa ni kile kiboksi cha kubonyeza chenye mitindo minane. Ndani kuna vipande viwili vitatu vya bei ya chini, na umeme ukirudi kwa kishindo ndivyo vinavyoanza kuondoka. Visipoondoka, vinasahau: umeme ukikatika na kurudi, taa zinaanza upya mtindo wa kwanza, na mtoto anatumwa tena nyuma ya mti kwenda kubonyeza.

Suala la mwanga lina mashabiki wake. Mama anasema LED "zinachoma macho", na kwa muda nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sivyo. Umeme wetu wa mizunguko 50 unabadilisha upande mara mia kwa sekunde. Uzi wa globu hauna muda wa kupoa kati ya mabadiliko hayo, kwa hiyo mwanga wake umetulia. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na kwenye minyororo ya bei rahisi upande wa pili unaachwa upotee, hivyo taa inawaka mara 50 kwa sekunde na kuzima mara 50. Kuna wasioliona na kuna wanaoumwa kichwa. Jipime hivi: zima taa zingine, simama mbele ya mti, shika mwiko na uupepee haraka mbele ya macho. Mbele ya globu utaona ukungu wa mwiko mmoja. Mbele ya LED mbaya utaona mwiko mmoja, nafasi, mwiko mwingine, nafasi, kama picha zilizopangwa. Mama alifanya hivyo na mwiko wa machalari, akanirudishia bila neno. LED zenye adapta nzuri hazifanyi hivyo, maana adapta imeshaunyoosha umeme kabla haujafika kwenye taa.

Rangi nayo si ubishi wa mapenzi tu. Globu ya rangi ni taa ya njano iliyovalishwa kioo cha rangi, na kwa kuwa mwanga wa uzi una bluu kidogo sana ndani yake, globu ya bluu daima huwa hafifu, kama inaona haya. LED ya bluu inazaa bluu yenyewe na inakufuata hadi barabarani. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, kazi ya Nick Holonyak, ila bluu yenye mwanga wa kutosha ilichelewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014. Bila bluu hakuna LED nyeupe, maana nyeupe ya kawaida ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Unga ukiwa kidogo unapata weupe baridi wa duka la dawa. Ukiongezwa unapata weupe wa joto unaokaribia globu. Kwenye boksi tafuta namba 2,700K au 3,000K. Ukiona 6,000K au 6,500K, hiyo ni duka la dawa.

Kuna jambo moja ambalo globu inashindwa wazi huku kwetu, nalo ni nyumba zilizo mwisho wa laini. Desemba vijiji vinajaa, kila nyumba iliyokuwa na bibi peke yake sasa ina watu kumi na wanne, heta na friji na redio, na saa mbili usiku volti zinashuka. Zikishuka kutoka 230 hadi 190, globu hubaki na karibu nusu ya mwanga wake. Mti unaonekana umechoka pamoja na wageni. Adapta yenye kupokea 100 hadi 240 haitambui kwamba kuna kilichotokea. Umeme ukikatika kabisa, tofauti ni kubwa zaidi: mnyororo wa wati 40 kwenye inveta na betri ya volti 12 unavuta karibu ampia 4, hivyo betri ya ampia-saa 50 inayotumika hadi nusu inakupa kama saa sita. LED ya wati 5 kwenye betri hiyohiyo itakupeleka usiku kadhaa. Kuna hata zile za volti 5 zinazochomekwa kwenye pawabenki. Kwa nyumba ya sola sijui kwa nini mtu angefikiria globu.

Na usalama sasa. Faida ya LED ni kwamba haina joto la maana. Tawi la msaiprasi lililokatwa tarehe 12 linakuwa limekauka na kupukutika ifikapo tarehe 25, na sisi tuna ile desturi ya kulitandazia pamba liwe kama theluji. (Theluji yenyewe ipo dirishani, juu ya Kibo, mita 5,895, lakini mtoto anataka ya pamba.) Globu ndogo moja haitoi joto la kutisha, balbu ya wati 15 iliyofunikwa pamba ni jambo lingine. Ukiwa na mti mkavu na pamba, weka LED, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Ila joto na shoti ni vitu viwili. Nimesikia zaidi ya mara moja, tena kwa watu wazima, kwamba waya wa LED "hauna nguvu", hata mtoto akiuguguna hakuna shida. Ikiwa mnyororo unachomekwa ukutani kwa plagi ya kawaida, na kati ya plagi na taa kuna kile kiboksi cha mitindo tu, basi umeme uliomo kwenye waya ni wa ukutani. Kiboksi hakishushi volti, kinawasha na kuzima tu. Waya ukichubuka, unapigwa shoti ileile ya pasi, LED au si LED. Na waya wenyewe mara nyingi ni mwembamba kuliko wa globu, kwa sababu umeme unaopita ni kidogo, kwa hiyo unachubuka upesi zaidi. Chenye adapta ya volti 24 au 31 hakina hatari hiyo. Dukani pima kichwa cha plagi kwa mkono: kikiwa kizito kiasi na kimeandikwa volti zinazoingia na zinazotoka, una adapta. Kikiwa plagi tupu nyepesi, unapeleka volti 230 kwenye mti ambao watoto wanaushika.

Kwa hiyo kwetu sasa getini kuna LED za wati moja, na kibarazani kuna mnyororo wenye adapta. Sebuleni Mama alikataa. Ana mnyororo wake wa globu mia moja, ameununua kwenye mitumba miaka mingi iliyopita, unawashwa tarehe 24 na 25 pekee, na anauzima mwenyewe kabla ya kulala. Mwaka uliofuata baada ya ule mkasa, globu yake moja ilikufa. Globu za akiba hazipatikani tena madukani. Nikasoma kikaratasi cha waya wake: mia moja kwa mfuatano, kila globu volti 2.5. Nikakumbuka ile minyororo mitatu ya kaka iliyobaki kwenye boksi bila kuguswa. Kikaratasi chake: volti 2.5, na wati zilikaribiana. Nikachomoa moja, nikainyoosha miguu yake miwili myembamba kama unywele, nikaivua kikalio chake cha plastiki cha Kimarekani na kuivalisha cha Mama. Ikawaka. Zimebaki 149.